Nyasi Zinazokunywa Kisima cha Mtaa

Bustani ya nyasi ni sehemu ya uwanja wa nyumba iliyooteshwa nyasi za aina moja, zikakatwa fupi na kumwagiliwa ili zibaki kijani mwaka mzima. Pwani ya Afrika Mashariki imeenea rai kwamba nyumba isiyo na zulia hilo haijakamilika. Nyasi ni ustaarabu, mchanga ni ufukara. Mwenye nyumba akipata nafasi hufunga pampu kisimani, huleta vipande vya ukoka au nyasi za Pemba, kisha huhesabu kuwa ametunza mazingira kwa sababu pamekuwa kijani. Rai hiyo ina makosa mahali pengi. Katika Visiwa vya Bajuni na ukanda wa Kismayu ni ya hatari, kwa sababu huko uwanja wa nyumba na kisima cha kunywa ni kitu kimoja.

Visiwa vya Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vidogo vingine vinavyofuatana kuelekea Ras Kiamboni ni mgongo wa matumbawe ya kale uliofunikwa mchanga. Havina mto wala kijito. Maji matamu yote hutoka mawinguni. Mvua ikinyesha, hupenya mchangani, hushuka katika mwamba wenye vitundu, kisha huelea juu ya maji ya bahari yaliyojaa chini ya kisiwa, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Hujikusanya kwa umbo la dengu, nene katikati, jembamba pembezoni. Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg ndio ambao majina yao yamepachikwa kanuni inayoeleza jambo hilo: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huenda na mita 40 hivi zilizo chini yake. Kanuni ina upande wa pili, nao ndio unaosahaulika. Usawa wa maji matamu ukishushwa sentimita 10 na pampu isiyopumzika, hali ikitulia mpaka wa chumvi utakuwa umepanda mita 4. Tena katika visiwa vidogo akiba yenyewe huwa nyembamba kuliko hesabu inavyoonyesha, maana kujaa na kupwa kwa bahari huyachanganya maji mawili hayo kila siku.

Anayeteka kwa ndoo na kamba hulijua jambo hili kwa mkono wake. Bahari ikijaa, maji ya kisima cha karibu na pwani hupanda, ikipwa, hushuka. Ndoo huchota juu, polepole, na kisima hupata muda wa kujirudisha. Pampu hunyonya chini, kwa saa nyingi, mahali pamoja. Dalili ya kwanza haionekani kwa macho. Sabuni hukataa kutoa povu, chai huwa na ladha isiyo yake, na mchele uliopikwa bila chumvi hulika kama uliotiwa. Siku hizo zikifika, mwenye bustani amekwisha kuiharibu akiba iliyojengwa na mvua za miaka, na kuizima pampu wiki moja hakurudishi kitu.

Jibu la kawaida ni kwamba kisima ni cha mwenyewe, kimechimbwa kwa pesa yake, ndani ya ukuta wake. Ukuta hauna mizizi ya kufika chini kiasi hicho. Maji yaliyo chini ya nyumba kumi ni dengu moja, na anayevuta kwa nguvu zaidi huvuta kutoka chini ya jirani. Anayekuta chumvi si mwenye pampu tu, ni pia mjane wa nyumba ya tatu mwenye kisima kifupi cha mawe. Kwa hiyo hoja ya umiliki, inayoonekana kuwa imara kuliko zote, ndiyo dhaifu kuliko zote. Jina lenyewe la Kismayu, kwa maelezo yaliyozoeleka, ni kisima na yuu katika lahaja ya Kibajuni, kisima cha juu. Mji ulitajwa kwa maji yake, wala haukutajwa kwa maji ya mtu mmoja.

Sasa kiasi. Chapisho namba 56 la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, la mwaka 1998, ambalo wataalamu wa umwagiliaji hulitumia hadi leo, limechukua nyasi fupi za sentimita 12 zilizoshiba maji kuwa kipimo cha ukavu wa hewa. Kwenye pwani yenye jua na upepo, kadirio kwamba nyasi hizo hupoteza milimita 5 za maji kwa siku si la kutia chumvi. Ukoka hunywa pungufu kidogo, kama milimita 4. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi uwanja wa mita za mraba 100 huhitaji lita 400 kila siku isiyo na mvua. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada wakati wa dharura ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika na kuoga. Zulia hilo moja hunywa maji ya watu 26.

Watetezi wa nyasi husema mvua italipa deni hilo. Kismayu hupata kama milimita 400 kwa mwaka wa kawaida, nyingi kati ya Aprili na Julai. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, mbingu hufunga. Siku 120 za kaskazi kwa lita 400 ni lita 48,000. Paa la mita za mraba 80, likidaka mvua ya mwaka mzima na kupoteza sehemu moja katika tano, hutoa lita 25,600. Yaani nyasi hunywa katika kiangazi kimoja karibu mara mbili ya maji ambayo paa la nyumba hiyo hiyo laweza kuleta kwa mwaka. Na hiyo ni miaka ya kawaida. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa katika Somalia na nchi jirani.

Mfano ulio karibu kuliko wote ni wa Zanzibar. Stefan Gössling, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, alipima matumizi ya maji katika mahoteli na nyumba za wageni za pwani ya huko na kupata wastani wa lita 685 kwa mtalii mmoja kwa siku. Wengi wangedhani maji hayo yaliishia bafuni au bwawani. Katika mahoteli, nusu yalikuwa ya bustani: udongo usioshika maji, jua kali, na mimea isiyozoea ukame. Udongo huo ni mchanga wa matumbawe, ndugu wa mchanga wa Chovai na Koyama. Lamu nayo inaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Maji ya mji ule hutoka katika vilima vya mchanga vya Shela, na ugomvi wa miaka mingi juu ya kujenga kwenye vilima hivyo umekuwa ugomvi wa maji. Watu wa Lamu hawahitaji kuambiwa kwamba mchanga mtupu unaoonekana hauna kazi ndio mtungi wao.

Kuna wanaotaka kuchimba zaidi. Bara, kuchimba kwenda chini mara nyingi ni kutafuta maji mengi. Kisiwani ni kuikimbilia chumvi, kwa sababu chini ya dengu hakuna kitu ila bahari. Wengine huutaja mto Jubba, unaomwaga maji yake Goobweyn, kaskazini kidogo ya Kismayu. Mto huo hupata nguvu zake katika nyanda za juu za Ethiopia, na hupungua sana wakati ule ule wa kaskazi ambao nyasi huwa na kiu kuliko wakati wowote. Maji yake yakikokotwa kwa punda, dumu kwa dumu, hadi mitaani, kumwagia mmea usioliwa ni uonevu kwa mnyama na kwa majirani. Wengine tena husema mitambo ya kuondoa chumvi itamaliza kazi. Upande wa pili wa mpaka, kwa Wabajuni wa Kiunga, shirika la GivePower lilifunga mtambo wa namna hiyo unaotumia jua mwaka 2018, na ni jambo la kushukuru. Lakini maji ya mtambo huja kwa gharama ya vichujio, betri, mafundi na ulinzi. Hayo ni maji ya koo la mtoto. Kuyamwaga juu ya ukoka ni kama kupikia chakula cha mbuzi kwa samli.

Hoja ya kijani yenyewe ina tatizo la pili, nalo ni mbolea. Mchanga wa matumbawe hauna udongo mweusi wa kushika rutuba. Mbolea ya nitrojeni inayonyunyizwa ili nyasi zing'ae huteremka na maji ya bomba moja kwa moja hadi kisimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaolishwa maziwa ya kukorogwa, ambao damu yao hushindwa kubeba hewa safi. Kinachovuka kisima huendelea hadi baharini, kikalisha mwani unaosonga matumbawe. Nyumba za Wabajuni zimeishi kwa samaki na kambakoche wa miamba hiyo. Ni jamii chache ambazo njia ya maji yake ni fupi kama hii: kutoka uwanjani hadi kwenye mwamba wa kambakoche ni hatua chache, na kinachomwagwa mlangoni hurudi mezani.

Ni haki kuzipa nyasi sifa zake. Ukoka hushika mchanga usipeperuke. Hustahimili ukame, hugeuka hudhurungi wakati wa kaskazi na kuchipua tena masika. Nyasi za Pemba ni za pwani hii kwa asili. Kama wenye nyumba wangeziacha zikauke na kuchipua kwa majira yake, malumbano haya yangekuwa madogo, na mbuzi wangefaidi. Lakini rai inayopingwa hapa haikubali hudhurungi. Inataka kijani mwezi wa Februari. Tamaa hiyo ilizaliwa katika nchi za mvua ya mwaka mzima, kwenye mashamba ya makabaila wa Uingereza, ikapata mashine ya kukatia nyasi ya Edwin Budding mwaka 1830, ikavuka hadi Marekani, ambako utafiti wa mwaka 2005 ulioongozwa na Cristina Milesi ulikadiria kuwa nyasi za majumbani na viwanjani zimefunika zaidi ya kilomita za mraba 160,000, eneo kubwa kuliko la zao lolote linalomwagiliwa nchini humo. Na huko huko wanaziondoa. Jimbo la Nevada lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuondoa nyasi za pambo tu katika eneo la Las Vegas, na wakazi hulipwa kwa kila futi ya mraba ya nyasi wanayoing'oa. Mtu wa Kismayu anayeanza leo anaanza jambo ambalo wenzake wenye mito na mabwawa wamelishindwa.

Kinachokubalika kuchukua nafasi ya nyasi si saruji. Onyo hili ni la lazima, kwa sababu wengi wakiambiwa nyasi ni hasara hukimbilia kutandaza matofali ya sakafu ukuta hadi ukuta. Uwanja uliosakafiwa wote haunywi maji, lakini huyazuia kupenya, na mvua chache za masika hukimbilia barabarani zikiwa zimebeba mafuta na uchafu hadi ufukoni. Kwa kisima, sakafu ni mbaya pengine kuliko nyasi: nyasi hunywa, sakafu hunyima. Ubaya wa tatu ni kupanda mti wowote ilimradi ni mgumu. Mathenge, ambao Wasomali huuita garanwaa, uliletwa kama dawa ya jangwa. Leo umeziba malisho na mabonde kutoka Baringo hadi Somalia, na mizizi yake hufuata maji chini sana. Mmea unaovumilia ukame kwa kumaliza kisima haujavumilia kitu.

Bustani inayofaa huanza kwa maji, mimea hufuata. Kazi ya kwanza ni kujua tone la mvua lililoanguka paani linakwenda wapi. Paa la bati hutiwa mlizamu unaopeleka maji kwenye birika lililofunikwa. Yanayofurika huelekezwa kwenye shimo la upana wa hatua mbili na kina cha goti, lililojazwa vipande vya matumbawe na takataka za majani. Ukingoni mwa shimo hilo hupandwa mgomba na mpapai. Wabajuni wa Ndau na Kizingitini, upande wa Kenya, wanaijua kanuni hii katika jabia: uwanda uliosakafiwa kwa mwinamo, na tangi chini yake linalopokea kila kinachoanguka. Jabia ni ya kijiji kizima, na shimo la mgomba ni jabia ya nyumba moja, tofauti ikiwa kwamba tangi lake ni ardhi yenyewe. Birika lisifunikwe kwa kubahatisha. Mbu aina ya Anopheles stephensi, anayeambukiza malaria na kupenda matangi ya mijini, alithibitishwa Somalia mwaka 2019; tundu lolote lisilo na wavu ni mlango wake. Shimo la kupenyeza nalo halina budi kukauka ndani ya siku moja au mbili.

Maji ya pili ni yale ambayo nyumba imekwisha kuyatumia. Udhu hutosheleka kwa mudi moja, chini ya lita 1, ingawa wengi hutumia zaidi. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 2 kwa kila sala ya faradhi, hutoa lita 60 kwa siku, nazo ni safi, hazina sabuni wala mafuta. Mfereji mdogo kutoka mahali pa kutawadhia hadi kwenye mkomamanga na mndimu hugharimu asubuhi moja ya kazi na mawe kumi. Maji ya kuoshea samaki na mchele hufuata njia hiyo hiyo, yakipita kwanza kwenye kokoto. Maji ya choo hayamo katika hesabu hii, na shimo la choo lisiwe chini ya mita 30 kutoka kisimani.

Mimea si ya kutafutwa mbali. Upande wa bahari huwekwa ile inayokubali chumvi ya upepo wa kusi: mkadi, mswaki, mhina uliokatwa kuwa ua. Mhina hutoa majani ya kuuza, mkadi hutoa ua la kutia nguoni, na yote huvunja upepo unaokausha bustani. Nyuma yake husimama mti mmoja mkubwa wa kivuli, mkwaju au mkungu, na mnazi panapokubali. Hapa hoja ya ubaridi wa nyasi humalizika: nyasi hupoza kisigino, mti hupoza nyumba. Chini ya kivuli chake mwanamke anayesuka miyaa ya mkeka anaweza kukaa saa saba mchana, kitu ambacho hakuna zulia la ukoka litakalompa. Karibu na mlango hubaki asumini na mrehani, kwa sababu bustani ya pwani haijawahi kuwa ya macho peke yake. Muhogo, kunde na maboga hupandwa masika na kuvunwa, kisha ardhi hupumzishwa. Mndimu katika mchanga wa matumbawe huweza kugeuza majani manjano, kwa vile chokaa huzuia madini ya chuma; mboji nyingi shimoni hupunguza ubaya huo.

Palipobaki wazi hufunikwa matandazo: makuti yaliyochakaa, maganda ya nazi, majani ya mwarobaini. Unene wa kiganja huzuia vumbi, hupunguza ukaukaji na, baada ya miaka michache, hutia rangi nyeusi katika mchanga mweupe. Wanaohofia nyoka wana haki ya kuhofia, na jibu lao ni la zamani: pembezoni mwa nyumba hubaki ukanda wa hatua tatu, wa mchanga au kokoto, unaofagiwa kila asubuhi. Uwanja uliofagiwa wa pwani, ambao wapenda nyasi huuita umaskini, ulikuwa ulinzi na mahali pa watoto kuchezea, na mvua ilipita humo hadi kisimani bila kizuizi.

Liko jambo moja ambalo wapenda nyasi hawalitaji kabisa. Watu wa visiwa hivi walitawanyika kuanzia 1991, wengi wakapitia makambi ya Mombasa, na waliorudi walikuta wengine katika nyumba zao. Katika desturi ya pwani mti huwa na mwenyewe hata pale ardhi ilipo ya mwingine, na wazee hutaja mnazi fulani kwa jina la aliyeupanda. Nyasi hufa kwa msimu mmoja usio na mtu wa kumwagilia. Mkwaju uliopandwa kabla ya vita huwa bado umesimama, na hutoa ushahidi.

Kung'oa ukoka kuna wakati wake. Mizizi yake hutambaa, na kipande cha kidole huchipua upya, kwa hiyo jembe peke yake huuzidisha. Mwezi wa Februari, jua likiwa kali, nyasi hukatwa hadi chini, humwagiliwa mara moja ya mwisho na kufunikwa turubali la plastiki lililokandamizwa kwa mawe kando zote, wiki sita. Machi hufunuliwa, mizizi iliyobaki huchokolewa kwa mkono, mashimo huchimbwa, mfereji wa udhu hutengenezwa, matandazo huandaliwa. Miti haipandwi bado. Husubiriwa mvua kubwa ya kwanza ya Aprili, na mwenye nyumba husimama barazani akitazama maji yanapokimbilia, akitia kijiti kila yanapotuama na jiwe kila yanapotoroka kuelekea nje. Penye kijiti ndipo mti hupandwa. Penye jiwe huwekwa tuta.